Kupima Kina cha Maji ya Kisima, Mwaka Hadi Mwaka

Kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye tambarare ya Makutupora panapolimwa zabibu, kuna visima virefu vinavyoupatia mji huo maji tangu miaka ya 1950. Pamoja na visima vya kuvuta maji, vipo vingine vya uangalizi, visivyo na pampu, ambavyo hutembelewa ili vipimwe kina tu. Vipimo hivyo vimeandikwa kwa miongo mingi, na leo ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kuliko zote za maji ya ardhini katika Afrika ya tropiki. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Richard Taylor wa University College London, Watanzania wakiwemo, walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo. Walichokikuta kinapaswa kujulikana na kila mwenye kisima katika nchi kavu: kwa miaka kadhaa mfululizo maji hushuka polepole, mvua za kawaida zinanyesha na kupita bila kuyainua sana, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa 1997/98, na maji yanapanda kwa kishindo.

Ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza kuendelea kupima kuliko unavyosisitiza vifaa. Anayepima miaka mitatu ya kushuka atahofu kwamba kisima kinakufa, na anayeanza kupima mwaka wa mafuriko atadhani maji hayana mwisho. Wote wawili watakuwa wamepima sawasawa na bado wamekosea uamuzi, kwa kuwa kumbukumbu zao ni fupi mno.

Ninakuandikia wewe uliye kwenye chombo cha jamii kinachotoa huduma ya maji kijijini, kwenye Jumuiya ya Watumia Maji ya bonde dogo, shuleni, kwenye kituo cha afya au kwenye shamba la umwagiliaji. Huhitaji shahada. Unahitaji kisima kinachofaa, kifaa kimoja, daftari gumu na mtu atakayefika siku ileile kila mwezi.

Kuchagua kisima

Kisima bora cha uangalizi ni kile kisichovutwa. Mara nyingi kijiji tayari kinacho bila kujua: kisima kirefu kilichochimbwa kikaonekana kina maji machache, au pampu yake iliharibika ikaondolewa, kikafunikwa kwa kipande cha bati na kusahauliwa. Usikubali kizibwe kwa saruji. Kiombe kisalimike, kiwekewe kifuniko cha chuma chenye kufuli, na kiandikwe jina.

Kabla ya kukitegemea, hakikisha bado kinawasiliana na maji yaliyo nje yake. Matundu ya bomba la ndani, lile mafundi wanaloliita kesingi, huziba kwa kutu na matope, na kisima kilichoziba hukaa na maji yake kama ndoo, huku nje kina kinapanda na kushuka. Jaribio lake ni jepesi. Pima kina, mimina kwa haraka lita 20 za maji safi ya kunywa, pima tena mara moja, kisha endelea kupima kila baada ya dakika chache. Katika kesingi ya inchi 6, lita 20 huinua maji kwa takriban mita 1.1. Yakirudi mahali pake ndani ya dakika au saa chache, kisima kiko hai. Yakibaki juu hadi kesho yake, usikipime mpaka mafundi wakisafishe kwa hewa ya kompresa.

Kama huna kisima kisichovutwa, tumia kinachovutwa, ila kwa masharti nitakayoyaeleza. Visima vifupi vilivyochimbwa kwa mkono navyo vinafaa, na mara nyingi hivyo ndivyo vya kwanza kukujulisha habari za mvua. Usishuke ndani yake kupima, hata kama kina ni kidogo. Hewa ya chini inaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha, na mtu huanguka kabla hajahisi chochote. Pima ukiwa juu.

Tafuta pia taarifa ya uchimbaji. Mchimbaji anapaswa kuacha maandishi ya urefu wa kisima, kina alichokuta maji, mahali yalipo mabomba yenye matundu na matokeo ya jaribio la kuvuta. Ikiwa kijijini haipo, iulizie kwenye ofisi ya bodi ya maji ya bonde lako. Tanzania ina mabonde tisa, na Makutupora iko ndani ya Bonde la Wami/Ruvu: makorongo yake huelekea Kinyasungwe, Kinyasungwe huingia Wami, na Wami humwaga baharini karibu na Saadani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezikabidhi bodi hizi kazi ya vibali vya kutumia maji, ya ardhini yakiwemo. Utazihitaji baadaye, kwa hiyo jitambulishe mapema.

Alama juu ya kesingi

Hapa ndipo kumbukumbu nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kina cha maji ni umbali, na umbali huanzia mahali. Ukipima leo kutoka ukingo wa kaskazini wa kesingi na mwezi ujao kutoka ukingo wa kusini uliokatwa mshazari, tayari umeongeza au kupunguza sentimita mbili zisizohusiana na maji. Kata mfuo mdogo kwa msumeno wa chuma kwenye ukingo wa kesingi, uupake rangi nyekundu, kisha andika ukurasa wa kwanza wa daftari: "Kipimo huanzia kwenye mfuo mwekundu." Pima pia mfuo huo uko juu ya ardhi kwa kiasi gani, na uandike. Pamoja na hayo, weka shahidi wa pili: kigingi cha zege kilichochimbiwa mita chache pembeni, na tofauti ya kimo kati yake na mfuo ipimwe kwa bomba la plastiki lenye maji linaloonyesha usawa, lile waashi wanalolitumia.

Kigingi hiki kinahitajika kwa sababu siku moja mafundi watakuja kutengeneza kisima wakati hupo. Watakata kesingi kwa sentimita 30 ili kifuniko kipya kikae vizuri. Mwezi unaofuata tepu yako itasoma kina pungufu kwa sentimita 30, na kwenye grafu maji yataonekana yamepanda katikati ya kiangazi. Asiyejua habari ataandika taarifa ya furaha. Mwenye kigingi atapima upya tofauti, ataona mfuo umeshuka, atarekebisha hesabu na kuandika tarehe ya badiliko. Mambo kama haya yakiingia mara mbili tatu bila kuandikwa, miaka kumi ya uaminifu wa mtu inapotea.

Mfano wa hesabu. Tepu imesoma mita 24.68 kutoka kwenye mfuo, na mfuo uko mita 0.45 juu ya ardhi: maji yako mita 24.23 chini ya uso wa ardhi. Ukitaka kulinganisha kisima chako na cha kijiji cha jirani kujua maji yanaelekea wapi, kina peke yake hakitoshi, kwa kuwa ardhi ya kwao inaweza kuwa juu zaidi. Mpimaji wa ardhi akikupa kimo cha mfuo kutoka usawa wa bahari, tuseme mita 1,080.45, toa 24.68 upate 1,055.77. Maji ya ardhini husogea kutoka kwenye kimo kikubwa kwenda kidogo. Simu yako isikudanganye katika jambo hili: makosa yake ya kimo hufika mita kadhaa.

Siku ya kupima

Kifaa cha kawaida ni tepu yenye nyaya mbili ndani na kichwa cha chuma kinacholia kikigusa maji. Ukikosa, tepu ya chuma na chaki hufanya kazi nzuri kwenye visima visivyo virefu sana. Paka chaki mita ya mwisho, shusha tepu mpaka alama ya mita 30 ikae sawa na mfuo, pandisha, soma chaki ililowa mpaka wapi. Ikiwa imelowa sentimita 42, maji yako kwenye mita 29.58. Kamba yenye jiwe na mafundo iache. Kamba hubadilika urefu ikilowa, na jiwe likikatika linabaki kisimani.

Kabla ya kushusha kitu chochote kwenye kisima cha maji ya kunywa, kifute kwa maji yenye klorini na ukisuuze. Fanya hivyo tena unapokwenda kisima kingine, usije ukahamisha uchafu.

Shusha polepole. Kifaa kikilia juu sana kuliko ulivyotarajia, huenda kimegusa ukuta uliolowa. Endelea kidogo, inua, shusha tena. Soma mara mbili. Masomo hayo yakitofautiana zaidi ya sentimita moja, soma mara ya tatu na ya nne mpaka yakubaliane, na yakikataa kukubaliana andika kwamba yamekataa. Kwenye kisima chenye pampu ya kuzamisha, tepu hupenda kujisokota kwenye waya wa umeme na bomba la kupandishia. Pampu inapowekwa au kutolewa, omba mafundi washushe pembeni bomba jembamba la plastiki la kupitishia tepu, lenye matundu upande wa chini. Gharama yake ni ndogo, na bila hilo tepu itanaswa siku moja.

Sasa masharti ya kisima kinachovutwa. Pampu inapofanya kazi, maji hushuka ndani ya kisima na kukizunguka, sana karibu na kisima na kidogo mbali nacho. Pampu ikizimwa yanapanda tena, haraka mwanzoni kisha polepole. Kipimo unachotaka ni cha maji yaliyotulia. Pima alfajiri, kabla pampu haijawashwa, saa ileile kila mara. Mara ya kwanza chunguza kisima chako kinahitaji muda gani kutulia: zima pampu jioni, pima kila nusu saa, mpaka masomo mawili au matatu mfululizo yasizidiane sentimita moja. Katika mawe ya itale yaliyochakaa na kupasuka, kama yaliyo mengi katikati ya Tanzania, muda huo unaweza kuwa usiku mzima. Ikiwa kijiji hakiwezi kuzima pampu kiasi hicho, pima hivyo hivyo, lakini andika "pampu inavuta" au "imezimwa saa mbili tu". Kipimo chenye maelezo hayo kinatumika. Kisicho nayo kitamdanganya mtu mwaka mmoja au miaka ishirini ijayo.

Mara ngapi? Mara moja kwa mwezi, tarehe ileile, ni kiwango cha chini kinachoweza kudumu. Mvua zikianza, ongeza iwe kila wiki, na korongo likianza kutiririka pima kila siku ukiweza. Wengi hufanya kinyume: kiangazi cha shida wanapima kila siku kwa hofu, mvua ikija wanafunga daftari. Kwa nchi kavu hilo ni kosa kubwa, kwa sababu wiki chache za mafuriko ndizo zinazoeleza kisima kitaishi vipi kwa miaka inayofuata, na zikipita hazirudishwi.

Mambo matatu ya kuandika pamoja na kina

La kwanza ni kiasi kilichovutwa. Soma mita ya maji ya kisima. Kama haipo au imekufa, andika saa za pampu, au hata uniti za umeme wa LUKU zilizotumika, maana kwa pampu ileile uniti huenda karibu sambamba na maji yaliyovutwa. Bila takwimu hizi huwezi kamwe kujua kama maji yameshuka kwa ukame au kwa kuvutwa, na mabishano ya kijiji yataamuliwa na mwenye sauti kubwa.

La pili ni mvua. Kipimamvua kimoja kilichowekwa mahali pa wazi, mbali na miti na paa, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, hata siku kavu. Siku isiyo na mvua iandikiwe sifuri. Nafasi tupu haionyeshi kama haikunyesha au msomaji hakufika.

La tatu, ambalo wengi hulikosa, ni korongo. Uchunguzi zaidi wa Makutupora umeonyesha umuhimu mkubwa wa maji yanayopenya kupitia mito ya msimu, pale mafuriko yanapotandaza maji juu ya mchanga kwa siku nyingi. Mvua ya milimita 60 iliyonyesha jioni moja na kukimbia si sawa na korongo lililotiririka wiki tatu bila kukatika. Kwa hiyo andika tarehe korongo lilipoanza kutiririka, tarehe lilipokatika, na maji yalifika wapi kwenye nguzo uliyoipaka mistari. Mtoto wa shule anaweza kufanya kazi hii vizuri, mradi asimame kwenye ukingo na asiingie majini.

Ukipata kirekodi cha kielektroniki, kile kinachoning'inizwa kisimani na kuandika mgandamizo wa maji kila saa, kipokee kwa shukrani, lakini usiache tepu. Vingi vya vifaa hivi hupima uzito wa maji pamoja na uzito wa hewa iliyo juu yake. Mgandamizo wa hewa ukibadilika kwa hektopaskali moja, kifaa huonyesha badiliko la karibu sentimita moja. Kwetu tropiki hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, ikifika juu kwenye saa nne asubuhi na chini kwenye saa kumi jioni, basi utaona mawimbi ya sentimita tatu nne ambayo kisimani hayapo. Pawepo kirekodi cha pili cha kupima hewa peke yake ili kuitoa kwenye hesabu, na kila unapopakua data, pima kwa tepu na uandike kipimo hicho pembeni. Betri hufa na waya hukatwa. Daftari ndilo litakalounganisha vipande.

Satelaiti za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, na zile zilizozifuata mwaka 2018, hupima badiliko la maji kwa kuhisi mvutano wa dunia. Zimesaidia sana kuonyesha hali ya maeneo makubwa, lakini huona eneo la mamia ya kilomita kwa pamoja. Kisima chako hazitakiona.

Kuisoma grafu

Chora grafu kwenye karatasi ya miraba na ibandike ukutani mwa ofisi ya kijiji. Sifuri iwe juu na kina kiongezeke kwenda chini, ili mstari ukishuka kila mtu aone maji yameshuka. Weka mvua kama nguzo kwenye karatasi hiyohiyo, na chini yake saa za pampu za kila mwezi.

Usilinganishe Aprili na Oktoba. Linganisha Oktoba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kwa maana hapo ndipo kisima kinaonyesha akiba iliyobaki. Vipimo vya mwisho wa kiangazi vya miaka mitano vikiwa kila kimoja chini ya kilichotangulia, kuna jambo. Bado hujajua ni jambo gani. Angalia kisima cha mbali ambacho hakuna anayekivuta karibu: nacho kikishuka kwa mwendo uleule, chanzo kikubwa ni upungufu wa mvua zinazopenya. Cha mbali kikitulia huku cha karibu na pampu kikiporomoka tangu mwezi ilipoongezwa pampu ya pili, jibu unalo, na una ushahidi wa kuliweka mezani.

Angalia pia kuchelewa. Kisima kifupi pembeni mwa korongo kinaweza kuinuka siku ileile, ilhali kisima kirefu penye udongo mzito kikachukua wiki au miezi. Ukishajua kisima chako kina tabia gani, hutatishika Februari maji yakiwa hayajapanda wakati mvua imeanza Desemba.

Jihadhari na kugeuza mita kuwa lita kwa pupa. Mita moja ya kina ndani ya mwamba si mita moja ya maji, kwa kuwa sehemu kubwa ni jiwe. Tuseme mwamba wako huachia asilimia 5 tu ya ujazo wake. Maji yakipanda mita moja chini ya hekta moja, umepata mita za ujazo 500, si 10,000. Asilimia hiyo hutofautiana sana kati ya mchanga, udongo na itale iliyopasuka, kwa hiyo omba mtaalamu wa bodi ya bonde akusaidie kabla ya kumwahidi mtu maji.

Huko pwani ongeza kipimo kimoja: uwezo wa maji kupitisha umeme, unaoonyesha chumvi. Kisima kinaweza kukaa kwenye kina kilekile mwaka mzima huku maji ya bahari yakisogea chini yake, na tepu peke yake haitakuambia. Wakazi wengi wa Dar es Salaam waliochimba visima wanaijua ladha hiyo.

Daftari likiwa na angalau mwaka mmoja, fanya hesabu moja mwezi Agosti. Chukua kina cha pampu kutoka kwenye taarifa ya fundi, tuseme mita 48. Toa kina cha maji pampu ikiwa inavuta, tuseme mita 41. Una mita 7 juu ya pampu, na fundi atakuambia ni ngapi kati ya hizo lazima zibaki ili mota isiungue. Kisha tazama kiangazi kilichopita maji yalishuka mita ngapi kutoka Agosti hadi mvua za kwanza. Kama ni 5, na fundi anataka 3 zibaki, utapungukiwa mita moja kabla ya Desemba. Itisha mkutano Agosti hiyohiyo: mpunguze saa za bustani, mpange zamu, mwahirishe kuunganisha mabomba mapya. Nakala ya daftari na grafu ipelekwe bodi ya bonde pamoja na barua yenye muhuri wa kijiji, na ukisikia kuna ombi jipya la kibali cha kisima kikubwa jirani yenu, ipelekwe kabla ombi hilo halijaamuliwa, ikiwa na jina la kisima, mahali kilipo, maelezo ya mfuo mwekundu na vipimo vyote, pamoja na vile vya miezi ambayo maji yalipanda.